Jini Nzuri Haihitaji Mfuko Mnene

Mkaaji wa Likasi, mji wa migodi wa Kongo, anayetaka pombe kali ya kujiburudisha mwisho wa juma hakosi pa kwenda. Kuna lutuku ya mahindi na muhogo, inayopimwa kwa glasi nyuani mwa watu. Kuna sashe na vichupa vya plastiki vyenye kinywaji cha rangi ya chai na jina la Kizungu. Kuna pia chupa za kioo zilizopangwa nyuma ya muuzaji, ambazo wengi huzitazama tu na kupita, wakiamini kwamba kinywaji safi ni cha wakubwa wa migodi na kwamba fungu la mwenye kipato kidogo ni kubahatisha. Imani hiyo inawagharimu watu fedha na afya, na haina msingi. Kati ya pombe kali zote zinazouzwa mjini, jini ndiyo ambayo bei yake ndogo si lazima iwe dalili ya ubovu. Sababu iko katika namna inavyotengenezwa. Anayeielewa namna hiyo anaweza kuchagua chupa ya kawaida, ya bei ya kawaida, akaifurahia bila kujidanganya na bila kujihatarisha. Sharti lake ni moja: ajue anachonunua kina nguvu kiasi gani, kimetoka wapi na nani anawajibika nacho.

Tuanze na kilichomo ndani ya chupa. Msingi wa jini ni spiriti isiyo na ladha, yaani alkoholi iliyokenekwa mara nyingi hadi ikabaki karibu safi kabisa. Kanuni za Umoja wa Ulaya, ambazo viwanda vingi duniani huzifuata, zinataka alkoholi hiyo ifike angalau asilimia 96 kabla ya kuongezwa maji. Inaweza kutokana na mahindi, ngano, au molasi, ule uji mweusi unaobaki baada ya sukari kutolewa kwenye miwa. Baada ya hapo huingizwa viungo, na cha kwanza kwa lazima ni matunda ya mreteni, vitunda vidogo vya bluu iliyokolea vyenye harufu ya utomvu wa msonobari. Mtengenezaji huongeza vingine apendavyo: mbegu za giligilani karibu kila mara, maganda ya limau au chungwa, iliki, mdalasini, mizizi ya mimea yenye harufu. Katika jini zilizo bora viungo hivyo hukenekwa pamoja na spiriti; katika zile rahisi ladha huchanganywa tu bila moto. Kisha maji huongezwa mpaka nguvu itakiwayo ifikiwe, chupa inazibwa, na kazi imekwisha. Lita moja ya jini hutumia kiasi kidogo tu cha mreteni. Hakuna kitu adimu hapo, wala kitu kinachosubiriwa kwa miaka.

Neno hilo la miaka ndilo linalotenganisha jini na jirani zake wa rafuni. Wiski ya Scotland haiitwi wiski mpaka ilale ndani ya pipa la mbao kwa miaka isiyopungua 3, na konyaki ya Ufaransa nayo hukaa katika mapipa ya mwaloni isipungue miaka 2. Muda huo una gharama: ghala, mapipa, mtaji uliofungwa bila kuzaa, na kiasi cha kinywaji kinachopotea hewani kila mwaka. Ndiyo maana wiski inayouzwa kwa bei ya soda inapaswa kumtia mnunuzi mashaka mara moja. Kwa bei ile pipa halijalipwa, kwa hiyo mara nyingi kilichomo ni spiriti ile ile isiyo na ladha, ikatiwa karameli ili ipate rangi na viungo vya kiwandani ili ifanane na kitu kilichozeeka. Mnunuzi analipia sura ya kitu ambacho hakipo. Jini haina haja ya kuiga umri, kwa sababu haikudai kamwe kuwa na umri. Inaweza kutengenezwa Jumatatu na kuuzwa Ijumaa, ikawa jini kamili. Fedha ndogo inayoishia kwenye udanganyifu inapotumika kwa wiski, kwenye jini inatosha kununua kitu cha kweli.

Hata hivyo, unafuu una mpaka wake, na mpaka huo umeandikwa kwa misiba. Mwezi wa Aprili 2010, katika wilaya ya Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, watu wapatao 80 walikufa katika muda wa majuma machache baada ya kunywa waragi, pombe kali ya kienyeji, iliyokuwa na methanoli nyingi. Mei 2014, makumi ya Wakenya walikufa vivyo hivyo, na wengine wakapofuka, katika sehemu mbalimbali za nchi, Embu ikiwa miongoni mwazo. Methanoli ni ndugu wa alkoholi tunayoinywa. Haina rangi, harufu yake ni ile ile, na mnywaji hawezi kuitambua ulimini. Ikishaingia mwilini hugeuzwa kuwa asidi inayoshambulia mshipa wa fahamu wa macho. Mililita 10 zinaweza kumpofusha mtu, na mililita 30 zinaweza kumuua. Dalili hukawia, mara nyingi saa 12 hadi 24: macho kuona ukungu, kichefuchefu, maumivu ya tumbo, pumzi za haraka. Mtu huamka akidhani ni ulevi wa jana, kumbe anahitaji hospitali saa ile ile, kwa maana dawa zipo na kila saa inayopita hupunguza nafasi ya kuokoa macho na uhai wake.

Nafaka ikichachuka huzaa methanoli kidogo sana, kwa hiyo misiba mikubwa ya aina hii kwa kawaida haitokani na uzembe wa mama mpika pombe. Hutokana na mtu aliyepata methanoli ya viwandani, inayotumika kuyeyushia rangi na kusafishia mitambo, akaimimina ndani ya kinywaji ili apate faida zaidi. Hii ndiyo sababu vipimo vya mitaani haviwezi kumlinda mtu. Wako wanaowasha kijiko cha pombe na kuisoma rangi ya moto wake; wako wanaotikisa chupa na kuhesabu mapovu. Moto huonyesha kwamba kuna alkoholi ya kutosha kuwaka, na mapovu huashiria nguvu yake kwa kukadiria tu. Hakuna kipimo kati ya hivyo kinachoweza kutofautisha alkoholi njema na ile ya sumu zikiwa zimechanganywa. Hata kumwaga matone ya kwanza wakati wa kukeneka, desturi njema inayoondoa harufu mbaya, hakuhakikishi kwamba methanoli imetoka yote. Kinga ya mnywaji wa kawaida ni kujua mnyororo mzima wa chupa, kutoka kiwandani hadi mkononi mwake.

Mnyororo huo husomwa kwenye lebo, na kusoma lebo ni ustadi ambao hauhitaji shule kubwa. Jambo la kwanza ni nguvu, inayoandikwa kwa asilimia. Ulaya hairuhusu kitu kuitwa jini kikiwa chini ya asilimia 37.5, Marekani inataka 40, Afrika Kusini, ambako hutoka bidhaa nyingi zinazopita Zambia na kuingia Katanga kwa lango la Kasumbalesa, inataka 43. Jambo la pili ni jina lenyewe. Maandishi ya “London dry gin” hayamaanishi kwamba chupa imetoka London. Yanaeleza utaratibu, kwamba ladha yote imetokana na kukeneka viungo vya asili, na kwamba baada ya hapo hakikuongezwa kitu ila maji, spiriti ya aina ile ile na sukari isiyozidi chembe. “Distilled gin” humaanisha kwamba viungo vilikenekwa, ingawa ladha nyingine zinaweza kuongezwa baadaye. Lebo ikikwepa neno jini lenyewe na kusema tu kinywaji cha spiriti chenye ladha ya jini, au kwa Kifaransa “aromatisé”, mtengenezaji mwenyewe ameshakiri kwamba hakufikia kiwango. Jambo la tatu ni jina na anwani ya kiwanda, pamoja na namba ya toleo iliyopigwa kwenye kioo au lebo. Jambo la nne ni kizibo: pete yake iwe nzima, isiwe imekatika na kubandikwa tena, na kimiminika kifike kimo kile kile katika chupa zote za rafu moja.

Bidhaa zinazoingia nchini kihalali hupaswa kupita mikononi mwa Ofisi ya Kongo ya Udhibiti, ambayo wengi wanaijua kwa herufi zake OCC. Kati ya Kasumbalesa na Lubumbashi, kisha kilomita nyingine kama 120 kutoka Lubumbashi hadi Likasi, chupa hupita mikono mingi, na kila mkono ni nafasi ya mtu kuifungua na kuijaza upya. Kwa hiyo duka lenye jina na mlango wa kudumu lina thamani kuliko punguzo la faranga chache kwa mchuuzi asiyeonekana kesho. Mwenye duka ana la kupoteza chupa ikileta madhara. Na mnywaji akiimaliza chupa yake, aivunje au aiharibu lebo yake kabla ya kuitupa, maana chupa tupu yenye lebo nzuri ndiyo mali ghafi ya mwizi wa majina.

Sasa tuje kwenye hesabu, kwa sababu neno nafuu lina maana tu likipimwa. Watu hulinganisha bei ya chupa na bei ya chupa, wakati wanachonunua ni alkoholi pamoja na ladha yake. Chupa ya mililita 750 yenye asilimia 43 ina takriban mililita 322 za alkoholi halisi. Chupa ya ukubwa ule ule yenye asilimia 35, kama ilivyo Konyagi ya Tanzania ambayo wengi huiweka kundi moja na jini, ina mililita 262 hivi. Hivyo ile ya pili inapaswa kuwa nafuu kwa karibu sehemu moja ya tano ili mnunuzi asipate hasara, na ikiwa tofauti ni ndogo kuliko hapo, ile yenye nguvu zaidi ndiyo ya bei rahisi hata kama namba iliyobandikwa juu yake ni kubwa. Sashe nazo huonekana rahisi kwa kuwa kila moja ni fedha ya mfukoni, lakini sashe saba na nusu za mililita 100 zenye asilimia 40 ndizo sawa na chupa moja ya mililita 750 ya nguvu hiyo hiyo. Zidisha bei ya sashe moja kwa saba na nusu, ulinganishe na chupa ya dukani, na mara nyingi utagundua aliyelipa kidogo kidogo ndiye aliyelipa zaidi. Marafiki wanne wakichanga chupa moja hupata kinywaji bora kwa fedha ambazo wangezimaliza kwenye plastiki.

Kuna sababu nyingine ya kuziacha sashe. Tanzania ilizipiga marufuku, zikiitwa viroba, tangu tarehe 1 Machi 2017, na Uganda ikafuata mwaka 2019. Wakosoaji wa sashe walilalamika kwamba zilikuwa rahisi kufichwa na watoto wa shule, rahisi kunywewa na madereva, na plastiki zake zilijaza mitaro. Kwa mnywaji mwenyewe lililo kubwa ni kwamba sashe haitoi nafasi ya kupima. Huraruliwa na kunywewa yote papo hapo, bila maji, bila barafu. Chupa ya kioo yenye kizibo hurudishwa kabatini, na mtu anayeweza kuzibua na kuziba ndiye anayeamua kiasi chake.

Ukishafika nyumbani na chupa iliyopita mitihani hiyo, ionje kwanza kwa utaratibu. Mimina kidogo katika glasi safi, ongeza maji ya kunywa kwa kiasi kile kile, tikisa polepole, kisha nusa mdomo ukiwa wazi kidogo. Maji hupunguza ukali unaoziba pua na kuziachia harufu zipande. Jini njema, hata ya bei ndogo, itakupa kwanza ule utomvu wa mreteni, kama mti uliokwanguliwa gome sasa hivi. Kisha giligilani, yenye harufu iliyo kati ya limau na pilipili manga. Na mwishoni pengine ganda la chungwa. Ukinusa kitu kama dawa ya kufutia rangi ya kucha, spiriti yake haikusafishwa vizuri. Ukinusa manukato matamu yanayokaa kooni hadi kesho yake, ladha imetoka kwenye kopo la kemikali. Ikiwa hakuna harufu yoyote ila ukali, umenunua spiriti tupu iliyovikwa jina. Tukumbuke tu kwamba kuonja huku hupima uzuri. Usalama ulishapimwa kwa lebo, duka na kizibo kabla chupa haijafunguliwa.

Namna ya kuinywa ndiyo inayoziba pengo lililobaki kati ya chupa ya kawaida na ya kifahari. Baridi hufunika kasoro ndogo za spiriti, kwa hiyo barafu ya kutosha, iliyogandishwa kwa maji safi, ni uboreshaji wa bei ndogo kuliko wowote. Sehemu moja ya jini kwa tatu za tonika, na kipande cha ndimu kilichokamuliwa na kutumbukizwa, hutoa kinywaji kamili. Uchungu wa tonika hutokana na kwinini, na hapa Wakongomani wana haki ya kujivunia: miti inayotoa gome la kwinini hustawi Kivu, ambako kampuni ya Pharmakina ya Bukavu imekuwa ikiilima na kutengeneza dawa yake. Lakini asidanganyike mtu kwamba tonika ni kinga ya malaria. Kwinini iliyomo ni kidogo mno, na Marekani, kwa mfano, hairuhusu izidi miligramu 83 kwa lita. Tonika ikiwa ghali au haipatikani, maji ya soda yasiyo na sukari pamoja na ndimu, au chai baridi ya tangawizi iliyopikwa nyumbani, hufanya kazi hiyo vizuri, na havifichi ladha ya mreteni kama zinavyofanya soda tamu za rangi.

Pingamizi la kwanza litatoka kwa wenye nazo: cha bei kubwa, watasema, hakiwi cha bei kubwa bure. Ni kweli zipo jini za thamani ambazo fedha yake inaonekana kinywani. Nairobi kunatengenezwa jini iitwayo Procera, inayotumia mreteni wa Kiafrika wa nyanda za juu za Kenya na kujazwa katika chupa za kioo zinazofinyangwa kwa mikono. Ni kazi ya ufundi, na bei yake inalingana na ufundi huo. Lakini sehemu kubwa ya tofauti za bei kwenye rafu za kawaida hulipia kioo kizito, matangazo, safari na ushuru, vitu ambavyo havionjeki. Tena jina kubwa halimaanishi kwamba kilichomo ni kile kile siku zote. Gordon’s, iliyoanzishwa London mwaka 1769 na ikawa moja ya jini mashuhuri kuliko zote, ilipunguzwa nguvu nchini Uingereza mwaka 1992 kutoka asilimia 40 hadi 37.5, ilhali chupa za masoko mengine zikibaki na nguvu tofauti. Aliyefuata jina peke yake hakuona badiliko; aliyesoma namba aliliona. Somo ni lile lile: soma, linganisha, kisha lipa.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi, nalo ni la lutuku. Lutuku ni yetu, wengine watasema. Ni nafuu kuliko chupa yoyote, na inalisha familia. Haya yote ni kweli na lazima yaheshimiwe. Wakoloni waliwanyima Waafrika pombe kali kwa makusudi. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 uliweka masharti juu ya spiriti katika sehemu kubwa ya Afrika kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini, na mkataba wa Saint-Germain-en-Laye wa 1919 ukaongeza makali. Wakati huo huo chupa za Wazungu wa Jadotville, kama Likasi ilivyoitwa hadi 1966, zilifunguliwa bila shida. Pombe ya kienyeji ikajifunza kujificha. Baadaye Gécamines, kampuni ya taifa ya madini, ilipoporomoka katika miaka ya 1990, mishahara ikakatika, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondolewa katika mpango wa kuacha kazi kwa hiari, wanawake wengi wa miji ya migodi walishikilia nyumba zao kwa biashara ndogo, lutuku ikiwemo. Kuwadharau kina mama hao kungekuwa kukosa shukrani.

Lakini heshima kwa mpishi haimwondolei mnywaji haki ya kujua anachokunywa. Glasi ya lutuku haina namba ya nguvu. Leo inaweza kuwa asilimia 30 na kesho 50, na mnywaji hupima kiasi chake kwa kubahatisha. Vyombo vyake navyo vina hatari zake, kwa maana bomba lililoungwa kwa risasi au rejeta ya gari kuukuu huweza kuachia risasi ndani ya pombe, nayo madhara yake hujikusanya mwilini polepole. Mtungi wa plastiki uliobeba kemikali hauwi chombo cha chakula hata uoshwe vipi, na katika mji wenye viwanda vya madini na asidi, onyo hilo lina maana ya pekee. Hali hii inasikitisha zaidi kwa sababu metali inayofaa kuliko zote kwa kukeneka ni shaba, ambayo hunasa harufu mbaya za kibiriti na kuiacha spiriti ikiwa laini. Viwanda vya jini na wiski duniani huitumia kwa sababu hiyo. Kiwanda cha Shituru, hapa hapa Likasi, kilianza kusafisha shaba mwaka 1929. Mji uliotoa shaba kwa mitambo ya dunia nzima haujapata mtambo mmoja halali wa shaba wa kuisafishia lutuku yake.

Kwamba inawezekana, Uganda ilikwisha kuonyesha. Sheria ya Enguli ya mwaka 1965 ilizuia ukenekaji usio na leseni na kuelekeza pombe ya wanavijiji, iitwayo enguli, iende kiwandani, ambako ilikenekwa tena, ikasafishwa, ikatiwa ladha na kufungwa katika chupa zilizoandikwa Uganda Waragi. Kinywaji cha uani kikawa jini ya taifa, yenye lebo, nguvu inayojulikana na bei ambayo mfanyakazi wa kawaida aliimudu. Mpango haukumaliza upikaji wa kificho, na Kabale ya 2010 ni ushahidi mchungu wa hilo. Sheria bila ununuzi wa haki na ukaguzi wa kweli huwasukuma watu gizani. London ilijifunza hayo mapema. Mwaka 1736 Bunge lilidai leseni ya pauni 50 kwa kila muuza jini, kiasi ambacho karibu hakuna aliyekimudu, na jini ikaendelea kutiririka kwa siri mpaka sheria ikafutwa mwaka 1743. Sheria ya 1751, iliyobana biashara hiyo bila kuiziba kabisa, ilifanya kazi vizuri zaidi, ikisaidiwa na kupanda kwa bei ya nafaka. Kenya nayo ilihalalisha chang’aa, pombe yake kali ya kienyeji, kwa masharti mwaka 2010. Haut-Katanga, jimbo la Likasi, haina haja ya kunakili nchi yoyote. Ushirika wa kina mama wapikaji, mtambo mmoja wa shaba, maabara ya kupima kila toleo, na viungo vinavyopatikana sokoni kama iliki, tangawizi na maganda ya chungwa, pamoja na mreteni wa kuagizwa, vingeweza kuanza kuipa Likasi jini yake yenyewe, na kuwapa wapikaji bei bora kuliko ya glasi.

Lipo pingamizi la tatu, la wachungaji, waganga na wake za walevi: kwa nini kumfundisha mtu kuchagua pombe, badala ya kumwambia aache? Hoja hii haijibiwi kwa kuipuuza. Mnamo Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na madhara kabisa kwa afya. Mjamzito asinywe, dereva asinywe, anayetumia dawa amuulize kwanza mganga, na anayejua kwamba kileo kimeshamtawala, chupa njema kwake ni ile asiyoifungua. Nyumba ambayo ada ya mtoto haijalipwa haina fedha ya jini, iwe nafuu namna gani. Lakini wako wengi wanaokunywa na watakaoendelea kunywa, na kwao ujinga haujawa kinga hata siku moja. Ujuzi wa kipimo huleta kiasi. Chupa kubwa ya bia ya sentilita 72 yenye asilimia 5 ina mililita 36 za alkoholi. Mililita 90 za jini yenye asilimia 40 zina kiasi hicho hicho. Anayejua kwamba vipimo vitatu vidogo vya mililita 30 ni bia nzima atavihesabu, wala hatavimeza kwa pumzi moja akidhani hajaanza.

Kwa hiyo anayeingia dukani Likasi na fedha za wastani ana mwongozo ulio wazi. Aache wiski za bei ya soda, aache sashe, achague chupa ya kioo iliyoandikwa jini, yenye asilimia kati ya 37.5 na 43, yenye kiwanda kinachotajwa na kizibo kisichoguswa, kutoka kwa mwenye duka atakayekuwapo kesho. Agawe bei kwa alkoholi iliyomo, anunue iliyo rahisi kati ya zilizopita mtihani, ainywe baridi, kwa kiasi, na watu anaowapenda. Hatakosa chochote cha maana alichokipata tajiri. Na kadiri wanunuzi wanavyozoea kuuliza nguvu, asili na mwenye dhamana, ndivyo wauzaji watakavyolazimika kuwa na majibu, na ndivyo siku itakavyosogea ambapo mpishi wa lutuku naye ataulizwa maswali hayo hayo, akiwa na mtambo, maabara na lebo ya kumwezesha kujibu kwa fahari.